Duka la Gredi ya Pili

Wiki ya wanyama iliisha vibaya:
barakoa ya simba, ya karatasi na gundi ya unga,
ililiwa na mbuzi wa jirani
kabla simba hajanguruma hata mara moja.

Jumatatu nikafuta ubao, nikaandika DUKANI.
Nikawaambia: kesho leteni takataka.
Na watoto arobaini na wanane wa Luanda,
wanaosahau penseli, sweta, hata ndugu zao getini,
hiyo hawakuisahau.

Zikaja pakiti za unga zilizokung'utwa,
viberiti vitupu vyenye harufu ya jiko,
chupa ya dawa ya kikohozi, kopo la majani chai,
na gorogoro lenye kutu, mikononi mwa Ayuma:
"Sijaiba, mwalimu. Nimeazima, ila mama hajui."
Vifuniko vya soda vikawa shilingi.
Hanga moja na makopo mawili, mizani.
Mchanga ukawa sukari, kokoto maharagwe,
majani ya mpera yakafungwa mafungu: sukuma, kumi kumi.
Dawati la nyuma, lile lenye mguu mlegevu,
likapandishwa cheo, likawa kaunta.

Ishirini toa kumi na tatu:
ubaoni ilikuwa tisa, ilikuwa thelathini na tatu,
ilikuwa kimya na macho dirishani.
Dukani Eboyi akanyoosha kiganja:
"Chenji yangu saba! Umenipa sita!"
Akashika kiuno kama shangazi yake,
akaapa hatarudi tena kwa wezi.
Akarudi baada ya dakika mbili. Duka ni moja.

Muuzaji alikuwa Amukoya.
Hakuna aliyemchagua; alijiingiza tu nyuma ya kaunta,
penseli sikioni, akasimama.
Amukoya, ambaye tangu Januari
daftari lake lilikuwa jeupe kama ugali wa wageni.
Nilimwita mvivu, mara moja, kwa sauti.
Hilo nalibeba.

Alhamisi, nikifagia ile sukari,
nikaona kipande cha katoni chini ya kaunta,
herufi zimelala, nyingine zimegeuka kisogo:

AYUMA UGA 2
EBOYI KIBITI 1
MWALIM SKARI 10

Kweli. Nilichota kipimo kuwaonyesha kilo,
nikaenda zangu.

"Nani amekufundisha?"
Akatazama viatu vyake.
"Hakuna. Nyanya anauza nyanya, watu wanakopa.
Yeye hajui kuandika. Ananiambia nikumbuke.
Mama Kavaya thelathini, fundi wa baiskeli hamsini,
yule wa kanisa, ishirini, tangu Pasaka."
Akanyamaza kidogo.
"Mwalimu, nimechoka kukumbuka."

Watu husema kukopa harusi, kulipa matanga.
Nililipa papo hapo, vifuniko kumi, mkono ukitetemeka.
Akavihesabu mara mbili, hakuniamini,
kisha akalifuta jina langu kwa mstari mmoja mrefu,
ulimi umetoka nje upande,
kama mtu anayekata kamba ya mbuzi.

Ijumaa tukafunga duka.
Mchanga ukarudi uani, gorogoro likarudi kwa mama yake
(kulikuwa na maneno),
na mpango wa kazi ukasema: wiki ijayo, Hali ya Hewa.
Nikaanza kukusanya mifuko ya plastiki ya kupima upepo,
nikakumbuka imepigwa marufuku,
nikakusanya matambara.

Jumamosi nilipita sokoni, karibu na reli.
Nyanya yake alikuwa ameketi nyuma ya mafungu yake,
na juu ya kichwa chake, kwa kamba ya katani,
kilining'inia kipande cha katoni.
Kavaya. Fundi. Wa kanisa.
Na mstari wa nne, nyanya za Jumanne niliyosahau pochi,
niliyosema, "nitapitia kesho, mama":

MWALIMU 40.

Safari hii, na u yake mwishoni.
Nilisimama pale, mdeni,
nikiisoma tena na tena.