Kidaka cha Tatu

Kidaka cha tatu kutoka kushoto
ndicho nilichopewa.
Palikuwa na bakuli la Uchina lenye ufa,
shangazi Zena akalitoa polepole
kama anayehamisha mgonjwa,
nikaweka pale kompyuta kuukuu isiyo na kioo,
diski mbili, waya wa buluu,
naye akaifunika kashida,
kwani kitu kitupu ukutani, alisema, hakipendezi.

Ilianza na harusi ya Mwanahawa.
Usiku wa kupamba simu zilibaki mlangoni, kapuni,
kamera ikawa moja tu, ya binti wa Matondoni.
Picha mia tatu na kumi na mbili:
nywele, shingo, hina hadi magotini,
bibi harusi akicheka mdomo wazi.
"Sasa zikae wapi?" mamake akauliza.
Kakangu Famau hakuinua macho:
"Weka winguni, kama watu wote."

Wingu.
Nilitazama juu, upande wa Manda.
Wingu lile halina mlango
lakini lina mwenyewe.

Tukabishana wiki nzima.
"Nani akuangalie weye? Hatuna la kuficha."
Nikamwonyesha tekani.
Waliojenga hapa nao hawakuwa na la kuficha,
mbona njia ya kuingilia inapinda,
mgeni akibisha asione ila chokaa?
"Huo ni ujenzi tu," akasema.

Athman wa duka la chaja, kule Langoni,
yeye aliogopa bei:
"Programu ya bure? Rahisi huvunja upishi."
Nikamwambia hii iko wazi, msimbo wake wote nje,
kila msumari waonekana,
usipoupenda mlango waweza kuchonga wako.
"Na wewe umeusoma?"

Sikumjibu.
Nilisoma mistari kumi na mmoja, nikalala.
Namwamini mtu nisiyemjua
aliyekesha akisoma kwa niaba yangu,
kama aliyekesha yupo.

Shangazi, akikunja leso, ndiye aliyetunyamazisha:

*Siri si ya maonyesho,*
*si ya leo wala kesho,*
*haipewi mtu posho,*
*huzikwa na mwenye nayo.*

Akaongeza, si kwa shairi:
"Na hiyo feni yako yanguruma. Itie mafuta."

Sikuitia.
Stima ikakatika siku mbili, chumvi ikala feni,
diski moja ikalia kama kuku anayetafuta pa kutagia,
ikanyamaza.
Picha tisa hazikurudi.
Ile ya kicheko ilikuwa mojawapo.
"Wenye wingu hawapotezi," akasema Famau,
na alisema kweli,
na ukweli wake uliniuma kuliko diski.
Nikatengeneza simu za watu mwezi mzima,
nikanunua ya tatu, nikaipeleka Shela kwa Mwanahawa.
Ameilaza kashani, kati ya udi na kanzu.

Kisha usiku mmoja Famau akaja peke yake,
viatu mkononi.
"Humo ndani kuna nafasi?"
Faili moja tu, kutoka hospitali ya Mombasa.
Hakusema ya nini.

Hapo ndipo nilipoogopa.
Picha za wanawake, hati za shamba la Mokowe,
sauti ya marehemu baba akiagiza samaki,
ufunguo wa vyote ni vidole vyangu kumi.
Nimewakimbia wenye wingu
nikawa wingu.
Na usiku wa manane, nikiri,
nimewahi kugusa kisichonihusu, nikaondoa mkono.

"Itie kufuli kwanza," nikamwambia, "kabla ya kunipa."
Nikamfundisha namna.
"Hata weye hutaiona?"
"Hata mimi."
"Na nikisahau nywila?"
"Basi imekwenda."

Alikaa.
Aliitazama ile kashida kwa muda.
Halafu akanipa mgongo, akapinda bega
kama mlango wa nyumba yetu,
akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi,
nami nikaelekea ukutani
nikahesabu zidaka.