Niliachia, Fundi

Limeletwa kwangu Grogan kwa kamba,
gari jipya la kuchezea matope,
nailoni ya kiti haijabanduliwa.
Mwenye duka ananung'unika: kijana hakujua kuendesha.

Nikausukuma wenzo wa mafuta kwa gumba,
nikaachia.
Ukabaki palepale
kama mgeni aliyeaga akaketi tena.

Nikafungua. Waya umebanwa na klipu
ndogo kuliko punje ya mchele.

Kirimi yuko Kenyatta, wodi ya mifupa.
Nilimpigia. Hakulalamikia nyonga.
"Niliachia, fundi. Wallahi niliachia."

Klipu nimeitia mfukoni, siyo pipani,
maana dukani limebaki jingine,
jekundu,
na Jumamosi kuna mtoto wa mtu atalipanda.

Kwenye risiti, mahali pa kosa,
nimeandika kwa kalamu nzito:
mashine haikuachia.