Kurasa Nane

Julai, Uhindini. Loleza umejifunika ukungu hadi mabegani.
Nimelala nyuma ya duka langu la chapa, blanketi mbili
na koti la marehemu kaka,
mifupa inauma kama nimeshusha viazi vya Uporoto lori zima.

Tusekile, binti yangu, anasomea maabara.
Anavuta kigoda, anafunga barakoa.
Baba, anasema, huyu kirusi hakuja na kitu.
Hana jiko, hana mtambo, hana senti ya umeme.
Ana kurasa nane,
na kila ukurasa umefungiwa kalamu isiyo na mkono.

Kurasa nane!
Mimi niliyechapa kadi za harusi, ratiba za misa,
risiti za wauza mchele wa Kyela,
kurasa nane kwangu ni kazi ya kabla ya chai.

Alibisha kooni, penye chembe za sukari mlangoni mwa seli.
Akaishika sukari kama kitasa.
Seli ikamdhani mgeni, ikamvuta ndani kwa kifuko,
na kifuko kilipochachuka kama togwa ya juzi
akavua koti, akamwaga karatasi.

Nani akazipeleka ofisi kuu, kwenye kiini?
Matarishi wetu wenyewe.
Walisoma anwani, hawakuuliza ya ndani.

Hapo nikaketi, blanketi zikaanguka.
Kilichofuata nakijua kwa vidole:
alichukua barua zetu halali zilizongoja kutumwa,
akazikata vichwa, ule ukanda wa juu wenye nembo,
akaubandika juu ya maneno yake.
Mtambo wetu ukiona nembo hauna swali. Unachapa.
Barua zetu zikabaki viwiliwili sakafuni.

Ambokile nilimpa ufunguo mwenyewe.
Usiku alichapa stakabadhi za ushirika wa kahawa
kwa wino wangu, kwa karatasi yangu.
Asubuhi nikaugusa mtambo, una joto.
Nikasema, jua hilo.

Na mkono wa kalamu?
Protini moja, anasema, fundi mpole wa humohumo ndani,
ana kazi zake nyingi, kirusi humwazima.
Ndiyo maana kirusi cha bata kikimwingia mtu huhangaika:
fundi wa bata si fundi wetu, spana haziingii,
mpaka kijifunze.

Na kengele?
Ilishikwa ulimi. Ilipolia, tayari wana wake
walikuwa wamejaa ukutani, wamenasa kwenye sukari ileile,
wakitoa mikasi.

Kwa hiyo homa hii ni yake?
Hapana, baba. Homa ni yetu. Ni sisi tunaopiga kelele, tumechelewa.

Nikamwambia: kesho tubadili kitasa.
Akacheka: cha duka, au cha koo?

Alipokwenda kuchemsha tangawizi nilijikokota hadi mbele.
Nikaugusa mtambo. Baridi.
Nikajigusa shingo.