Unyayo

Saa kumi na mbili asubuhi mizani huletwa.
Tunapanga foleni akina mama saba, sasa sita,
kila mmoja na mzigo wake kifuani,
kama wanawake wa Kanduyi wanaopeleka maziwa ushirika,
ila sisi, tunachokipima ndicho kinachotupima.

Jana: elfu moja mia moja na arobaini.
Leo: elfu moja mia moja na thelathini.
Muuguzi Kasandi anaandika bila kunitazama.
Kalamu yake inaparuza kama kuku kwenye changarawe.

Mimi ni Nasimiyu, mtoto wa kiangazi.
Kwetu Bungoma jina hutolewa na majira:
ukizaliwa mvuani, mvua inakuita,
ukizaliwa njaani, njaa nayo ina haki yake.
Huyu alikuja wiki kumi kabla ya majira yoyote,
shamba halijalimwa,
mawingu ya mlimani hayajasema neno.
Kwenye kadi wameandika tu: Mtoto wa Nasimiyu.

Wamocha anapiga simu kutoka Bukembe.
Miwa yetu ilikatwa tangu Agosti,
malipo yanasemekana yako njiani.
"Wameniambia wiki ijayo," anasema.
"Hata mimi huku," namjibu.
Kisha tunasikilizana tukipumua
hadi salio linakwisha.

Alhamisi walikuja akina mama wa Marafiki,
vitambaa vyeupe kichwani, uji kwenye chupa.
Walisema Mungu ana mpango.
Niliitikia amina, maana nimelelewa.
Lakini sikutaka mpango.
Nilitaka gramu.

Bibi yangu alimwita Wele Khakaba,
Mungu agawaye.
Usiku nikamwambia: Mgawaji,
wengine umewamwagia debe zima,
mbona mimi unanipimia kwa bomba la sindano,
mililita tano, kila baada ya saa tatu?
Hakujibu.
Taa ya korido ilikuwa ikilia kama nyenje.
Kitanda cha Chemutai kilikuwa kimetandikwa upya,
shuka imevutwa ikanyooka mno,
na chini yake soksi moja,
ndogo kama kidole gumba,
ambayo hakuna aliyethubutu kuiokota.

Sitasema nilielewa. Sijaelewa hadi leo.

Ila kuna jambo Kasandi alitufundisha siku ya kwanza:
watoto hawa husahau kupumua.
Si kwamba wamekata tamaa, alisema,
ni kwamba bado ni wageni wa kazi hiyo.
Ukiona kifua kimetulia, usipige kelele.
Msugue unyayo. Atakumbuka.

Saa tisa usiku kifua kikatulia.
Nikaingiza mkono chini ya leso,
nikaupata unyayo, mdogo kuliko punje ya njugu mawe,
nikausugua.
Hakuna.
Nikausugua tena,
nikilitaja jina ambalo bado hana.
Akashtuka. Akavuta hewa kwa hasira,
kama mtu aliyeamshwa kwa deni.
Hakufumbua jicho.
Hakujua ni nani.

Ndipo nilipoketi pale gizani nikahesabu
mara ambazo mimi pia nilisahau:
mwaka ule wa mimba mbili zisizofika,
msimu ule tuliokula mbegu,
ile Jumanne ya mama.
Kila mara kulikuwa na kitu chini kabisa, kidogo,
kisicho na sauti, kikinisumbua hadi nivute hewa.
Nilidhani ni ukaidi wangu.
Nilikuwa nikiamka nimekasirika.

Saa kumi na mbili, mizani.
Sakafu ya saruji, nami nimesahau ndara.
Elfu moja mia moja na thelathini. Ile ile.
Kasandi anaandika, kisha leo ananitazama.
"Hajapungua," anasema.

Nje mvua haijanyesha.
Wamocha hajapiga.
Namrudisha kifuani, nafunga leso,
nasubiri.
Miguu yangu, sijui kwa nini,
ina joto.