Wavu Katikati

Tuliwanunua kwa pesa ya korosho iliyobaki,
ndugu wa tumbo moja, weupe, ndani ya boksi la sabuni.
Mfaume akamwita wake Stakabadhi.
Twalibu akasema, basi wangu ni Bonasi,
tukacheka, kwa sababu mwaka ule bonasi tuliiona.

Miezi mitatu walilala wamelaliana
kama viatu vilivyovuliwa mlangoni kwa haraka,
kidevu cha huyu shingoni mwa yule.
Jani moja la kiazi liliwatosha:
mmoja alianza huku, mwenzake kule,
wakakutana midomo.

Kisha Julai. Ukungu umeikalia Luchingu mpaka saa nne,
nikaamshwa na kishindo.
Nilidhani kicheche.
Ni wao. Wamefungamana, wanazunguka kama pia,
manyoya yanaruka bandani kama mto wa sufi uliopasuka.
Nikaingiza mkono.
Usiingize mkono.
Kovu ni hili, chini ya dole gumba,
na mpaka leo sijui ni jino la nani.

Jirani Chinduli, anasuuza pampu yake ya salfa,
akasema juu ya uzio: "Fahali wawili hawakai zizi moja.
Mmoja chinja. Ndimu ninazo."
Methali nzuri, hasa kwa mwenye njaa.

Bi Somoe wa mifugo hakunipa methali. Aliuliza umri.
Nikamwambia.
Akalishika sikio la Bonasi lililochanika,
akalipaka dawa ya zambarau, akasema:
"Hawa hawajachukiana, mama. Wamebaleghe."

Akawahasi wote wawili, Jumanne,
Twalibu ameziba macho, vidole vimeachana.
"Usiwarudishe pamoja leo," akaonya. "Wala kesho.
Chungu kikiepuliwa bado kinatokota.
Hesabu wiki sita."

Tukaligawa banda kwa wavu wa kuku.
Nikawa nahamisha nyasi kila jioni,
za huyu kwa yule, za yule kwa huyu,
maana kwa sungura harufu ndiyo jina
na nilitaka kila mmoja alale ndani ya jina la mwenzake.
Wiki ya kwanza walikojoa juu yake.
Ya pili, walikojoa kidogo.
Ya nne nikawakuta wamelala, mgongo kwa mgongo,
waya umewachora miraba kwenye manyoya.

Nyumbani, nisisahau, kulikuwa na shuka.
Mfaume alitoka jandoni likizo ya Juni
na sauti ya mtu mwingine, na jina nisilompa mimi,
akatundika shuka katikati ya chumba:
Twalibu asivuke.
Twalibu alivuka. Twalibu alipigwa.
Nami nilipiga kelele, nikaingiza mkono.

Wiki ya saba tuliazima ghala la Chinduli,
sakafu ya saruji ambako hakuna aliyewahi kuweka alama yake.
Dakika kumi. Taulo begani, gunia mkononi.
Masikio nyuma, mikia juu, nikawatenganisha.
Kesho yake, dakika kumi.
Kesho yake Stakabadhi akampanda mwenzake, nikainuka,
nikakumbuka: hicho ni cheo tu, waache wapeane.
Siku ya tisa walikula mchicha kila mtu akitazama ukuta wake.
Siku ya kumi na moja walinifukuza usingizi tena; nilitaka kuiona ile ndimu.

Halafu, siku nisiyoihesabu,
Bonasi akashusha kichwa mpaka sakafuni
akakiacha pale.
Stakabadhi akakitazama muda mrefu
kama mtu anayesoma karatasi ya deni.
Kisha akaanza kulilamba sikio,
lile lile, penye ufa.
Chinduli alikuwa mlangoni. Hakusema kitu,
alikwenda kuchuma mchicha mwingine.

Wavu nimeuondoa.
Shuka la Mfaume bado lipo.
Juzi nikilifua nimekuta limetobolewa tundu
usawa wa mto,
na makombo ya biskuti pande zote mbili.
Sikuuliza.
Nimelianika, nimelitundika palepale.
Sikulishona.