Karanga ya Mwisho

Kuanza hakuna kazi.
Treni ya Kigoma imechelewa, kama jana,
watu wamekalia mabegi yao stesheni ya Tabora,
nami natandika kitenge juu ya sanduku,
napanga vifuniko vitatu vya mninga
na kidonge cha nta, cheusi, laini,
kinachoijua njia ya vidole vyangu
bila kuuliza.
Nasema: kiko wapi?
Hata karani wa mizigo anasogea, kalamu sikioni.

Kumaliza ndiko kunakonitoa jasho.

Luhende wa Isevya, aliyenichongea vifuniko hivi
kwa kisu cha kukatia tumbaku,
alinifunza: maliza kwa utupu.
Funua cha kwanza, cha pili, cha tatu,
kweupe,
kunja kitenge, nenda zako.
Nikafanya hivyo miaka miwili.
Makofi yalikuja, ndiyo,
ila yalikuwa makofi ya mkono mmoja;
wa pili ulikuwa unapapasa mfuko.

Nikajaribu asali.
Unainua kifuniko cha kati, inachuruzika
asali ya Sikonge, nzito, ya kahawia,
na watu: aaah!
Lakini nzi walifika kabla ya sifa,
na kitenge kile mke wangu bado anakidai.

Halafu kukaja siku ya Ntahondi.
Joto la Oktoba liliyeyusha nta mfukoni,
nikanunua karanga ya kukaanga
kwa mama aliyeketi na sinia mlangoni,
nikacheza nayo.
Ntahondi wa Kasulu alitazama bila kucheka.
Akasema: "Mwanza. Stendi. Vifuniko vya soda.
Nililiwa ng'ombe mmoja na nusu."
Watu wakaicheka ile nusu.
Yeye akaweka kidole juu ya kifuniko cha kushoto,
kidole cha mtu wa jembe, kizito:
"Safari hii sibanduki."

Hakuweka hata shilingi. Mimi sichezeshi kamari.
Lakini kidole kile kilikuwa kimeweka kitu.

Nikawaza, huku midomo yangu ikiendelea na mzaha:
akikuta patupu, ameliwa tena, mbele za watu.
Akiikuta, atasema amejua,
atauza ng'ombe mwingine,
atarudi Mwanza.
Karanga ilikuwa kati ya vidole vyangu viwili,
ina chumvi, inateleza.
Sikumbuki niliamua nini.
Labda mkono uliamua. Labda ulichoka tu.

Akainua.
Karanga hiyo hapo, imelala ubavu.

Kabla kifua chake hakijajaa,
Kabula, mtoto wa yule mama wa sinia, miaka minne,
akanyosha mkono chini ya kwapa la mtu,
akaichukua,
akaila.

Tulimtazama akitafuna.
Stesheni nzima, nadhani, ilimtazama akitafuna.
Akameza, akafungua mdomo tuone
kwamba kweli haimo.

Ndipo Ntahondi alipocheka,
kicheko cha mtu aliyeng'olewa mwiba wa siku nyingi:
"Jamani! Leo iliyoliwa ni karanga!"

Tangu hapo nta nimeiachia wenye mizinga.
Nacheza na karanga, na nikifika mwisho
natafuta mdomo ulio karibu,
wa mtoto, wa polisi wa reli,
wa bibi asiye na meno, huyo namtwangia kidogo.
Vidole naviacha wazi.
Hakuna wa kunifuata akitaka kupekua,
maana kitu chenyewe kimekwisha shuka tumboni.
Luhende anasema nimeiharibu kazi,
nimegeuka mpishi.
Sawa.

Siku ile, watu walipotawanyika,
Ntahondi alibaki amechuchumaa.
"Na ile ya Mwanza," akauliza polepole,
"ilikuwa wapi?"
Nikamwonyesha ukucha wangu,
pale nyuma, penye ufa mdogo.

Aliutazama muda mrefu.
Akatazama na wa kwake, uliojaa udongo.
Kisha akainuka, akajitwika kikapu,
akaenda kusimama ukingoni mwa reli,
ingawa treni ilikuwa haijasikika bado.