Herufi Nne

Xenxo mchongaji hutoza euro nne kwa herufi,
nukta bure.
Ndiyo maana diwani wa fedha alilipenda neno "walihama".

"Wakazi wa bonde hili walihama mwaka 1963."
Sentensi safi, haina kona.
Ukiisoma utadhani waliamka asubuhi moja,
wakautazama mto, wakachoka nao,
wakaupa mgongo.

Uxía Lamela alikuwa na miaka tisa maji yalipozidi unga,
wala si kwa methali:
unga ulikuwa kashani, maji yakaufikia.
Akasimama ukumbini, mkoba ungali begani.
"Ndege huhama. Sisi tulihamishwa."

"Maana ni ileile, bibi," meya akasema.
"Kama ni ileile, liwekeni langu."

Mimi ndiye mwandika kumbukumbu za baraza.
Huku Galisia mvua hainyamazi, nusu ya niandikayo ni vikohozi.
Jioni ile kalamu ikasita.
Miaka kumi na minne nimeandika "hatua zilichukuliwa",
"makosa yalifanyika",
sijauliza hata siku moja:
yalifanyika yenyewe, kama ukungu?

Nyuma kijana akapaza sauti: "Mauaji! Andikeni mauaji!"
Makofi yakaanza.
Uxía akamgeukia, na hasira yake ilikuwa ileile:
"Nani aliuawa? Mtaje.
Alizama fahali wa Amaro, ikazama kengele ya kanisa.
Ukiongeza kifo ambacho hakikuwepo
watakanusha hicho,
na nyumba yetu wataizamisha mara ya pili."
Kijana akaketi, masikio yamemwiva.

Kura zikapigwa: saba kwa sita.
Herufi nne zaidi, euro kumi na sita.
Diwani akaninong'oneza niandike "kwa masikitiko".
Nikaandika "saba kwa sita".

Mlangoni nikampa mkono wa pongezi.
Akanitazama kama mwanafunzi aliyeishia nusu ya hesabu.
"Tulihamishwa," akasema. "Na nani?"
Akafungua mwavuli.

Kampuni ya umeme ingali na ofisi mjini.
Ndiyo inayolipia fataki za sikukuu.

Jiwe limeshasimikwa juu ya bwawa. Nilikwenda Jumapili,
nikapitisha kidole, sh, w,
pale chokaa bado ilikuwa nyeupe.
Baada ya "walihamishwa" Xenxo ameacha nafasi
ya viganja viwili, ameilainisha vizuri,
ndipo ukafuata mwaka.

Hakuagizwa.
Hakuitoza.